Pampu haiitiki: kutafuta tatizo kati ya pampu ya mafuta na mfumo wa kampuni nyingine

Kituo kina pampu za Gilbarco kwenye kisiwa (jukwaa la pampu) cha mbele, za Wayne upande wa malori, na mbili za Kichina zilizoongezwa baadaye karibu na tangi la dizeli. Mwenye kituo amenunua mfumo wa kusimamia mauzo kutoka kampuni ambayo haikutengeneza hata moja kati ya pampu hizo. Nyaya zimevutwa, kontrola (kifaa cha ofisini kinachounganisha mfumo na pampu) imewashwa, na kwenye skrini pampu zote ni nyekundu. Aliyeuza pampu anasema tatizo ni mfumo. Aliyeuza mfumo anasema tatizo ni pampu. Anayebaki kituoni na multimita mkononi ni fundi, na foleni ya jioni inakaribia. Haya ninayoandika ni kwa ajili yake.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba pampu haianzi mazungumzo. Hukaa kimya mpaka iulizwe hali yake, kisha hujibu kwa ufupi na kunyamaza tena. Kontrola ndiyo huuliza, pampu moja baada ya nyingine, mzunguko usiokwisha. Kwa hiyo "pampu haisomeki" ina sababu chache tu: swali halifiki, swali limefika kwa lugha ambayo pampu haiijui, jibu linapotea njiani, au kuna wawili wanaouliza kwa wakati mmoja kwenye laini moja. Hii ya mwisho ndiyo ninayoikuta ikisahaulika zaidi, na ndiyo maana nitaianza.

Ila kwanza usalama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia kwenye shimo chini ya pampu, pale pale nyaya zinapopitia. Funga kisiwa, weka koni, zima umeme wa pampu kwenye ubao wa swichi na uweke kufuli. Kumbuka pia kuwa laini ya mawasiliano hupata umeme wake kutoka ofisini: unaweza kuzima pampu nzima na nyaya mbili hizo bado zikawa hai. Zitoe kwenye kontrola kabla hujafungua boksi lolote la maungio huko nje. Multimita ya kawaida si kifaa cha kuingiza kwenye eneo la mvuke, kwa hiyo vipimo vingi iwezekanavyo vifanye ofisini. Na lakiri za Wakala wa Vipimo usiziguse. Kazi ya mawasiliano haihitaji kufungua mita.

Nani mwingine anauliza?

Tanzania kila kituo kinatakiwa kuwa na mashine ya EFPP, yaani printa ya risiti za kodi za mafuta, iliyounganishwa na pampu. Mwaka 2017 TRA ilifungia vituo vingi kwa sababu hii, na tangu hapo mashine hizo zimekuwa sehemu ya kawaida ya ofisi ya kituo. Ili itoe risiti kwa kila mauzo, EFPP lazima izungumze na pampu. Maana yake, siku unapofika na kontrola mpya, laini tayari ina mwenyewe.

Fundi asiyeliangalia hili huunganisha nyaya za kontrola sambamba na zile za EFPP. Dalili zake hazifanani na za waya uliokatika. Pampu huonekana, hupotea, hurudi. Mfumo hupokea majibu ya maswali ambayo haukuuliza. Risiti zinaanza kuruka mauzo. Mhudumu anainua nozo, pampu inaruhusiwa na mmoja na kusimamishwa na mwingine. Ukizima kontrola mpya, kila kitu kinatulia, na hapo mwenye kituo anahitimisha kuwa mfumo aliouziwa ni mbovu.

Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha. Toa kontrola mpya kwenye laini kabisa. Kama laini ni ya RS-485 (njia ya kawaida ya kupeleka data kwa nyaya mbili), unganisha kompyuta kwa konvata, kifaa cha kugeuza laini hiyo iingie kwenye kompyuta, ukitumia programu ya kusikiliza tu, isiyotuma chochote. Ukiona data inapita wakati wewe hujauliza chochote, yupo mwingine anayeuliza. Hakuna mpangilio wowote ndani ya mfumo wako utakaoondoa mgongano huo.

Njia zilizo sawa ni mbili. Ya kwanza ni kuacha mmoja tu aulize, na mwingine achukue taarifa kwake: ama kontrola inaiuliza pampu na kuipatia EFPP mauzo, ama EFPP inabaki na pampu na mfumo unasoma kutoka EFPP. Ya pili ni kuufanya mfumo mpya uwe msikilizaji, unaosoma mazungumzo ya mwenzake bila kutuma hata herufi moja. Msikilizaji ataona mauzo yote ila hataweza kubadilisha bei wala kuzuia nozo, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa. Kwa vyovyote vile, anayegusa upande wa EFPP ni msambazaji aliyeidhinishwa na TRA. Ukihamisha nyaya zake mwenyewe na lita zikaanza kutoka bila risiti, anayefungiwa kituo ni mteja wako.

Hakuna hata pampu moja inayoitika

Kama laini haina mwingine na bado ni kimya kabisa, tazama taa mbili ndogo kwenye kontrola au konvata, zenye alama TX (kutuma) na RX (kupokea). TX haiwaki: kontrola haiulizi, umechagua mlango (port) usio sahihi au leseni ya mfumo haijafunguliwa. TX inawaka na RX imezimika: swali linatoka, jibu halirudi. Zote zinawaka na mfumo bado unasema hakuna mawasiliano: jibu linarudi ila halieleweki, na hapo waya ni mzima, tatizo ni lugha.

Tuanze na waya. RS-485 hutumia nyaya mbili, A na B, na watengenezaji hawakubaliani ni upi A na upi B. Kugeuza nyaya hizo hakuharibu kitu, kwa hiyo geuza ujaribu kabla ya kufikiria jambo zito zaidi. Kisha hakikisha kwamba hiyo kweli ni RS-485. Pampu za Gilbarco zinazotumia itifaki (lugha ya mawasiliano) yao ya nyaya mbili hazipeleki taarifa kwa volti bali kwa mkondo wa miliampia 45 unaokatwa na kurudishwa. Ukiingiza laini hiyo moja kwa moja kwenye mlango wa RS-485 hutasikia chochote, na unaweza kuunguza mlango. Inahitaji kadi yake ya kugeuza, na hapo upande chanya na hasi una maana. Nyaya zake pia zimepangwa tofauti: kila pampu ya Gilbarco huja na jozi yake mpaka kwenye boksi la kugawia ofisini, wakati RS-485 hutakiwa kupita pampu hadi pampu kwenye mstari mmoja. Fundi aliyezoea mpangilio mmoja akakuta mwingine anaweza kupoteza siku nzima.

Kisha lugha. Gilbarco ya nyaya mbili huenda kwa kasi ya biti 5787 kwa sekunde, biti nane za data, pariti (biti ya kukagua makosa) ya shufwa, yaani even. Ni kasi isiyo ya kawaida, na mfumo uliowekwa 4800 au 9600 hautapata jibu hata siku moja. Kama konvata yako haiwezi 5787 kamili, 5760 hufanya kazi, kwa kuwa tofauti haifiki hata asilimia moja. Wayne zenye itifaki ya DART huenda 9600 au 19200, na pariti yake ni ya witiri, yaani odd. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana mafundi wengi huweka "bila pariti" kwa mazoea. Pampu za Kichina nyingi zina RS-485 kwa 9600, lakini usiridhike na jina lililobandikwa kwenye mlango wa pampu. Fungua kichwa cha pampu, soma jina la bodi. Boksi la kampuni moja linaweza kubeba bodi ya kampuni nyingine, na itifaki hufuata bodi.

Pampu moja tu ndiyo haiitiki

Hapa shaka ya kwanza ni anwani. Pampu yenye pande mbili mara nyingi ina anwani mbili, moja kwa kila upande, na mfumo lazima uzijue zote. Bodi ikibadilishwa baada ya radi au umeme kuruka, mpya huja na anwani ya kiwandani, kwa kawaida 1. Matokeo yake ni pampu mbili zenye anwani moja. Hazizimiki zote. Zinajibu pamoja na kugongana, na pampu namba 1 iliyokuwa nzima siku zote inaanza kulaumiwa. Ukiambiwa "tatizo lilianza baada ya kutengeneza pampu ile pale", zima umeme wa ile pale uone kama nyingine inapona.

Kwenye DART kuna mtego mwingine: anwani huanza 50 kwa hesabu ya heksadesimali, ambayo ni 80 kwa hesabu ya kawaida. Menyu ya pampu inaweza kuandika 1, mfumo ukataka 80, na mwongozo ukaandika 50, vyote vikimaanisha pampu ile ile.

Kama anwani ni sahihi, angalia kama pampu imewekwa katika hali ya kujiendesha yenyewe. Pampu iliyofungwa na kutumika miaka bila mfumo iko katika hali hiyo, na nyingi zikiwa hivyo hupuuza laini ya mawasiliano. Inabadilishwa kwenye menyu ya pampu kwa rimoti au kibodi ya fundi. Nenosiri huwa analo aliyeifunga.

Inaitika, inapotea, inarudi

Haya ndiyo matatizo yanayochosha, kwa sababu ukifika wewe kila kitu kinafanya kazi. Muulize mhudumu wa zamu, sio meneja: inapotea wakati gani? Majibu yake yana thamani kuliko vipimo vingi. Ikiwa ni mota inapoanza, laini imepita bomba moja na nyaya za umeme mkubwa. Ikiwa ni jenereta inapowaka, angalia ethi. Ikiwa ni mvua, maji yameingia kwenye boksi la maungio. Ikiwa ni usiku tulivu pasipo mauzo, angalia kompyuta, maana Windows huzima mlango wa USB kuokoa umeme, na konvata ikirudi inaweza kupewa namba nyingine ya mlango.

Vipimo viwili vya RS-485 vinatosha kwa sehemu kubwa. Zima vyote, toa laini kwenye kontrola, pima ukinzani kati ya A na B. Ukipata karibu omu 60, rezista za 120 zipo ncha zote mbili. Ukipata 120, ipo moja. Omu chache sana ni nyaya kugusana. Elfu kadhaa ni kwamba hakuna rezista kabisa, na hilo peke yake si kosa la kukimbilia: kwa kasi ya 9600 na umbali wa mita mia moja, laini nyingi hufanya kazi bila rezista.

Kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi. Rudisha kontrola kwenye laini, izuie isiulize, pima volti kati ya A na B laini ikiwa kimya. Inatakiwa izidi milivolti 200. Ikiwa karibu na sifuri, kila kelele ya mota inasomwa kama herufi, na pampu inapokea maswali yasiyokuwepo. Dawa yake ni rezista mbili za kuegemeza laini, moja ikivuta kwenda volti 5 na nyingine kwenda sifuri, na kontrola nyingi huwa nazo kwa swichi ndogo tu. Fundi asiyejua hili huongeza rezista za 120 akidhani anatibu, kumbe anaishusha zaidi volti hiyo ya utulivu na hali inakuwa mbaya kuliko alivyoikuta.

Pima pia kila waya dhidi ya ethi ya ofisini. RS-485 huvumilia kati ya volti hasi 7 na chanya 12. Ukikuta zaidi ya hapo, ethi ya kisiwa na ya ofisi hazikubaliani, na bodi zitaendelea kuungua hata ubadilishe ngapi. Weka konvata yenye kutenganisha umeme, kisha mwite fundi umeme atengeneze ethi. Waya uwe wa jozi zilizosokotwa, wenye ngao, na ngao iungwe ethi upande mmoja tu. Ikiungwa pande zote mbili, ngao yenyewe inakuwa njia ya mkondo.

Kuna sababu moja isiyo ya umeme. Kama kwenye mfumo umeorodhesha pampu kumi na sita wakati kituo kina nane, kontrola husubiri jibu la kila pampu isiyokuwepo kabla ya kwenda kwa inayofuata. Mzunguko unarefuka, pampu halisi zinaona hazijaulizwa muda mrefu, zinajihesabu zimekatika. Futa zisizokuwepo.

Inaitika lakini haitoi mafuta

Hapa rekodi ghafi ya mazungumzo, yaani herufi zote zilizopita kwenye laini, ndiyo shahidi. Kwenye Gilbarco ya nyaya mbili, mfumo ukiuliza hali ya pampu 1 hutuma 01 na pampu iliyotulia hujibu 61 (tarakimu ya mwisho ni namba ya pampu). Nozo ikiinuliwa, jibu linakuwa 71. Mfumo unatuma 11, yaani ruhusa, na jibu linatakiwa liende 81, kisha 91 mafuta yakitoka, na mwishoni A1 au B1 mauzo yakikamilika. Ukiona 71 haigeuki hata baada ya 11, pampu imekataa ruhusa: angalia bei, kikomo kilichowekwa, au aina ya mafuta isiyoruhusiwa. Ukiona haijawahi kufika 71, swichi ya nozo haifanyi kazi, na mfumo hauna kosa. Ukiona 81 inabaki palepale, ruhusa imefika na tatizo liko kwenye mota, rilei au vali, hivyo usiilaumu kontrola. Usishtuke pia ukiona maswali yako mwenyewe ndani ya majibu. Laini hii hurudisha mwangwi kwenye konvata nyingi, na programu isiyouondoa huusoma kama jibu la pampu.

Wayne za DART zina tabia yao. Pampu ikitoka kuzimika, ikiulizwa hujibu kuwa haijapangwa, na hubaki hivyo mpaka itumiwe bei za nozo zote. Baada ya mauzo, inataka amri ya kusafisha kwanza ndipo ikubali ruhusa mpya. Mfumo uliozoea pampu nyingine hutuma ruhusa moja kwa moja na kupuuzwa. Kama kila umeme ukikatika pampu za Wayne zinagoma na zingine zinaendelea, hii ndiyo sababu, na anayetakiwa kuirekebisha ni mwandishi wa programu.

Inatoa, ila hesabu hazilingani

Usianze na shaka ya wizi. Tazama tofauti yenyewe, kwa kuwa umbo lake hutaja sababu. Tofauti ya mara kumi au mara mia kamili ni nukta ya desimali: mfumo umewekewa tarakimu mbili za senti, na mauzo ya shilingi 50,000 yanaonekana 500.00.

Tofauti ya milioni moja kamili ni tarakimu zilizojaa. Itifaki nyingi za zamani hubeba pesa kwa tarakimu sita, na kikomo chake ni 999,999. Bei ikiwa shilingi 3,000, kikomo hicho kinafikiwa kwenye lita 333. Gari dogo halitafika hapo kamwe, ndiyo maana majaribio yote hufaulu. Lori likiweka lita 600, pampu inahesabu 1,800,000, na mfumo unaandika 800,000. Ukiona kasoro iko kwenye dizeli tu, tena kwa malori tu, angalia hili kwanza. Gilbarco wana hali ya tarakimu nane kwa ajili hiyo. Iwashwe kwenye pampu na kwenye mfumo kwa pamoja, maana ukiwasha upande mmoja mawasiliano yatavurugika.

Tofauti inayolingana na mauzo mamoja mazima ni mauzo yaliyopotea. Pampu nyingi hukumbuka mauzo ya mwisho tu. Kontrola ikizimika umeme wa TANESCO unapokatika, na pampu ikaendelea kwa jenereta katika hali ya kujiendesha, yote yaliyouzwa hapo katikati hayatasomwa tena. Weka yupiesi kwa kontrola, na panga mfumo usome namba za jumla za kila nozo mwanzo na mwisho wa zamu. Namba hizo haziruki. Ukitoa moja kwa nyingine unajua lita ngapi zilipita bila kuonekana, na lini.

Bei huleta lawama zake kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo. Mfumo hutuma bei mpya usiku, na asubuhi nozo moja bado ina ya zamani. Mara nyingi nozo hiyo ilikuwa imeinuliwa au ina mauzo yasiyosomwa, na pampu hukataa bei ikiwa katika hali hiyo. Mfumo mzuri hutuma tena mpaka ukubaliwe, kisha huisoma bei kutoka pampu na kulinganisha. Usio mzuri hutuma mara moja na kuandika "imefaulu". Mpaka ujue wako ni upi, mhudumu wa zamu ya asubuhi atembee kwenye kila nozo na kusoma bei kwa macho kabla ya gari la kwanza.

Ukifika mahali lazima umpigie muuzaji, mtumie jina na toleo la bodi ya pampu, kasi na pariti uliyoweka, anwani za pande zote, matokeo ya vile vipimo viwili, na dakika kumi za rekodi ghafi zenye tukio lenyewe ndani yake na saa lilipotokea. Mtumie muuzaji wa pampu na wa mfumo kwenye ujumbe mmoja, wote wakionana.